Gari inagonga kwenye mashimo? Kagua linki za stabilaiza kabla hujalipia shokapu

Kama gari yako ukipita kwenye barabara ya vishimo vidogo vidogo inalia kok-kok-kok huko mbele, afu ukiingia kwenye lami nzuri inanyamaza kabisa, tafadhali usikimbilie kununua shokapu. Mimi nilinunua. Gari yenyewe ni Toyota Runx, nikaipeleka gereji, fundi akabonyeza boneti mara mbili akasikiliza, akaniambia "bosi, hizi shokapu zimekufa", nikalipa shokapu mbili za mbele na hela ya ufundi, natoka getini kufika tuta la kwanza tu kok-kok iko palepale. Nikarudi, wakasema ni bushi (vimpira vya kwenye maungio) za wishboni, yaani mkono wa chini ulioshika mguu wa tairi, nikalipa tena, kelele ikabaki vilevile. Jumamosi iliyofuata nikaamua kuingia chini mwenyewe na tochi ya simu, nikashika kila kitu kimoja kimoja nikitingisha, hadi nikafika kwenye kifimbo cha chuma chenye urefu kama rula ya mwanafunzi, kimesimama pembeni ya shokapu upande wa kushoto. Nilikishika kwa vidole viwili tu kikacheza, tena kwa mlio uleule niliokuwa nausikia miezi miwili. Hiyo ndo linki ya stabilaiza, na kati ya vyote nilivyolipia hiyo ilikuwa ya bei ndogo kuliko vyote.

Kwa hiyo hapa naeleza mwanzo mpaka mwisho, jinsi hiki kitu kinavyofanya kazi, jinsi ya kujua kama ndo chenyewe kinachogonga, na jinsi ya kubadilisha ukiwa nyumbani na spana za kawaida. Mifano mingi nitaitoa kwenye Runx na Corolla za kipindi hicho maana ndo naijua kwa mikono yangu, lakini gari nyingi ndogo za Kijapani zinafanana.

Kwanza elewa chuma chenyewe

Ukichungulia chini kwa mbele utaona chuma cha mviringo kama nondo nene, kimepindwa mfano wa herufi U, kimeanzia tairi la kushoto kikakatiza mpaka tairi la kulia. Hicho ndo stabilaiza. Katikati kimeshikiliwa kwenye krosimemba (chuma kinene kinachokatiza chini ya gari) na bushi mbili za mpira zilizobanwa na klampu za bati nene, na kila ncha imeungwa na mguu wa tairi kwa linki. Kwenye Runx linki inapanda kutoka ncha ya stabilaiza hadi kwenye mwili wa shokapu, kwenye gari nyingine ni fupi na inashuka kwenye wishboni, na kwenye gari nyingine haina boli (kile kiungo cha duara kwenye ncha ya linki) bali ni bolti ndefu yenye mipira na washa kama mishikaki.

Kazi yake ni kuzuia gari isilale kwenye kona. Chukua mfano unapanda Lushoto kutokea Mombo, zile kona za mlima, kila ukikata kushoto mwili wa gari unataka kulalia kulia, springi ya kulia inabonyea na ya kushoto inanyooka. Hapo ile U inasokotwa kama unavyokamua nguo, na kwa kuwa ni chuma cha springi kinakataa kusokotwa, kinailazimisha gari irudi kuwa sawa. Ila tairi zote mbili zikipanda tuta kwa pamoja hakuna kusokotwa, chuma kinazunguka tu ndani ya bushi zake na hakifanyi kazi yoyote. Hii shika vizuri sana kichwani, maana kutafuta ugonjwa wote kunaegemea hapo.

Wazo lenyewe ni la zamani, hataza ya kwanza alipewa Stephen Coleman wa Fredericton huko Kanada mwaka 1919, na mpaka leo umbo halijabadilika sana. Kilichobadilika ni hesabu za unene. Ugumu wa chuma hiki kusokotwa unakua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, yaani ukitoa cha milimita 22 ukaweka cha milimita 24, tofauti ya milimita 2 tu, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 42. Ndo maana usiokote stabilaiza ya gari nyingine "inayofanana" ukaifunga. Ukiongeza ugumu mbele peke yake gari inakuwa nzito kuingia kona, pua inakimbilia nje, na ukiongeza nyuma peke yake mkia ndo unataka kutoka, na kwenye mvua hiyo ya pili inatisha zaidi.

Jambo lingine ambalo watu wanachanganya: stabilaiza haibebi uzito wa gari. Gari ikiwa imepaki kwenye sakafu iliyonyooka afu imeinama upande mmoja, hapo kwa kawaida ni springi imechoka au imekatika, usibadilishe linki ukitegemea gari itanyooka, utapoteza hela.

Kupima kabla ya kufungua chochote

Anza na masikio. Tafuta sehemu tulivu yenye tuta, endesha polepole sana, kama mwendo wa mtu anayetembea. Pita kwanza gari ikiwa imenyooka, tairi mbili za mbele zipande pamoja. Afu rudi, safari hii lipandie tuta kimshazari ili tairi moja itangulie kupanda na nyingine ifuate. Kama kwenye kupita moja kwa moja kelele ilikuwa ndogo au haipo kabisa, lakini kimshazari ikagonga vizuri, basi stabilaiza na ndugu zake ndo wa kwanza kushukiwa, kwa sababu kimshazari ndo chuma kinasokotwa na linki zinavutwa huku na huku. Kama inagonga sawasawa njia zote mbili, angalia pia mpira wa juu wa shokapu, bushi za wishboni na boljointi (kiungo cha duara kinachounga wishboni na mguu wa tairi).

Sikiliza na aina ya mlio pia. Linki iliyoisha inagonga kavu na kwa haraka, chuma kwa chuma, hasa mwendo mdogo kwenye vishimo vidogo. Bushi za katikati zikilegea mlio unakuwa mzito kidogo, unausikia kama unatoka chini ya miguu yako, na zikikauka au zikiingia vumbi zinalia kwii-kwii unapopanda kibaraza au kuingia geti. Ukitaka uhakika wa hiyo kwii-kwii, zipulizie bushi maji ukitumia chupa ya kupulizia halafu pita tena palepale. Mlio ukikata kwa muda umeshampata mwizi wako.

Baada ya masikio tumia mikono. Kata usukani wote upande mmoja, vuta breki ya mkono, zima gari, injini na bomba la moshi vipoe, afu ingiza mkono nyuma ya tairi ushike linki uitingishe kwa nguvu juu chini na mbele nyuma. Ikicheza au ikitoa mlio, imeisha. Angalia na vile vimpira vinavyofunika boli pande zote mbili, kikiwa kimepasuka na grisi imetapakaa imekauka na vumbi, hata kama haijaanza kugonga ujue imeanza kuhesabu siku zake, maana mchanga umeshaingia ndani na unasaga kama jiwe la kunoa.

Ila kuna mtego hapa ambao unadanganya hata mafundi. Gari ikiwa imesimama chini kwenye sehemu isiyo sawa, au umenyanyua upande mmoja kwa jeki, stabilaiza inakuwa imesokotwa tayari na inaivuta linki, kwa hiyo linki iliyokufa inakuwa imekazwa na ukiitingisha haitikisiki. Fundi anashika, haichezi, anasema nzima, anahamia kwenye shokapu. Nahisi hivyo ndo ilivyokuwa kwangu, waliiangalia wakiwa wamenyanyua upande mmoja. Kipimo cha haki ni kufungua ncha moja ya linki halafu ukizungushe kile kichwa cha boli kwa mkono. Boli nzima ni ngumu, inakupa ukinzani sawa pande zote. Yangu nilipoifungua, kichwa kililala chenyewe kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

Na kipimo cha mwisho kama bado una wasiwasi: fungua linki zote mbili, kushoto na kulia, zifunge kwa waya au kamba za plastiki zisiguse tairi, hosi ya breki wala ekseli, halafu zunguka mtaani polepole, usizidi kilomita 20 kwa saa na usiende barabara kubwa. Kelele ikiisha, tatizo liko kwenye linki au bushi za stabilaiza. Kelele ikibaki, usinunue linki, tatizo liko kwingine na umejua bila kutumia hata shilingi. Usifungue upande mmoja tu, fungua zote mbili, la sivyo ncha moja inabaki inavutwa na kipimo hakisemi ukweli.

Jambo moja la usalama. Ukiwa hapo chini kagua na boljointi ya chini na tairodi (fimbo ya usukani inayokata tairi). Linki ikikatika gari inayumba kwenye kona lakini inafika nyumbani, boljointi ikichomoka tairi linalala na hapo hakuna usukani tena. Ukikuta boljointi inacheza, achana na linki kwanza, gari isitembee.

Kununua

Nunua mbili kwa pamoja, ya kushoto na ya kulia, zimepita mashimo yaleyale na moja ikifa ya pili haiko mbali. Chukua ile mbovu uende nayo dukani kwenye spea, ilinganishe na mpya urefu kwa urefu, unene wa skrubu, na mwelekeo wa vile vichwa viwili, kwenye baadhi ya gari linki ya kushoto na ya kulia hazifanani na ukizibadilisha zitafunga lakini zitakaa zimepinda. Kama unaagiza kwa simu mtumie muuza spea namba ya chesesi, usimwambie tu "Corolla".

Linki iliyotumika usinunue. Najua kuna spea za mtumba kutoka Japani ambazo ni nzuri kuliko mpya za hovyo, injini, taa, milango, hata stabilaiza yenyewe kama haijapinda ni sawa kabisa kuchukua ya mtumba. Lakini linki na bushi ni vitu vya kuisha, unanunua umri wa mtu mwingine. Upande wa mpya, watu wengi wanatumia chapa ya 555 ya Japani au CTR ya Korea na wanaridhika, ila bandia zipo kwa hiyo usiangalie boksi peke yake. Shika linki mkononi: kichwa cha boli kiwe kigumu kuzungusha, kimpira kiwe kimekaa vizuri na kimebanwa na pete yake, maungio ya kichwa na fimbo yawe safi, na nati iwe ya kujifunga, ile isiyolegea yenyewe. Ukizungusha kichwa kikawa laini kama kimeshatumika miaka mitatu, rudisha hapohapo kaunta.

Kazi yenyewe

Vifaa: jeki, stendi mbili, spana ya magurudumu, spana ya ringi namba 17 au 14 kutegemea na gari, alen kii (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 6 au 5, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, na kama unaweza kuazima toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) itakuwa vizuri. Kwenye Runx yangu ni namba 17 na alen kii ya 6.

Siku moja kabla, safisha skrubu za nati kwa brashi ya waya mpaka uone meno, puliza mafuta ya kulegeza kutu, na asubuhi puliza tena. Hatua hii watu wanairuka afu wanahangaika masaa mawili. Kama unaishi karibu na bahari, Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, usiruke kabisa, chumvi inazila hizi nati kweli.

Paki sehemu ngumu na iliyonyooka, weka mawe nyuma ya tairi za nyuma, legeza nati za magurudumu kidogo gari ikiwa bado chini. Nyanyua mbele YOTE, pande zote mbili, weka stendi mbili kwenye sehemu za kunyanyulia, toa tairi zote mbili. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile ya mtego niliyoeleza, ukinyanyua upande mmoja stabilaiza inasokotwa na linki mpya haitaingia kwenye tundu, utaisukuma kwa nyundo mpaka uharibu skrubu, wakati ukinyanyua pande zote mbili zikaning'inia sawa inaingia kwa mkono. Ya pili ni uhai wako, usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, wala kwa matofali, tofali linapasuka bila kutoa taarifa.

Sasa nati. Ukizungusha nati unakuta kichwa cha boli nacho kinazunguka pamoja nayo, ndo maana kwenye ncha ya skrubu kuna tundu la alen kii. Safisha hilo tundu kwanza kwa sindano au msumari, limejaa udongo uliokauka, na alen kii isipoingia mpaka mwisho italila tundu. Ingiza alen kii, ishikilie isizunguke, halafu zungusha nati kwa spana ya ringi. Soketi haifai hapa kwa sababu inaziba njia ya alen kii. Ikisogea kidogo ikakwama, irudishe nyuma, puliza mafuta, ilegeze tena, nenda rudi nenda rudi, usiilazimishe kwa mkupuo mmoja.

Tundu likishaliwa, na kwenye linki za zamani mara nyingi linaliwa, kuna njia mbili. Kamata shina la boli nyuma ya kile kimpira kwa praizi (koleo) ya kujifunga halafu zungusha nati, kimpira kitaharibika lakini linki inatupwa. Ikishindikana, ikate nati kwa grainda. Ukifika huko kwenye grainda fanya taratibu, pembeni yake kuna hosi ya breki na waya wa ABS na mpira wa sivi jointi (kiungo cha ekseli), vifunike kwa kipande cha bati au kitambaa kilicholoa, na weka ndoo ya maji karibu kwa sababu ile grisi inashika moto.

Linki ya zamani ikitoka iweke sambamba na mpya mara ya mwisho, kisha ingiza mpya, kaza nati za juu na chini kwa mkono kwanza, ndo uje na spana. Nguvu ya kukaza kwenye Corolla za kizazi cha Runx ni 74 Nm, gari lako likiwa lingine tafuta namba yake kwenye kitabu cha ufundi cha hiyo gari. Kama huna toku renchi kaza vizuri kwa spana ya urefu wa kawaida bila kuongeza bomba. Nati ya zamani ya kujifunga usiirudie, tumia iliyokuja na linki mpya.

Wenye linki za mipira na washa, zile za mishikaki, nyie kuna tofauti moja. Mkazo wa mwisho ufanye gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake, na ukaze mpaka mipira ivimbe kidogo isizidi upana wa washa. Ukikaza mpaka ikapasuka utakuwa umenunua kazi ya mwezi mmoja.

Baada ya kubadilisha linki huhitaji kwenda kufanya alaimenti (kunyoosha pembe za tairi). Linki haigusi pembe ya tairi hata kidogo. Mtu akikuambia lazima, mwambie asante halafu endelea na safari yako.

Bushi za katikati

Hizi ni rahisi au ngumu kutegemea na gari. Kwenye pikapu na gari nyingi za juu unaziona wazi, bolti mbili kila klampu, unatoa klampu, unafungua bushi pale ilipochanwa, unaitoa, unaweka mpya, dakika arobaini umemaliza pande zote. Kwenye gari nyingi za tairi za mbele, Runx ikiwemo, zimefichwa juu ya krosimemba nyuma ya injini, mkono hauingii vizuri na mara nyingi inabidi krosimemba ishushwe kidogo. Hapo mimi nilimpelekea fundi mwenye lifti nikasimama naye, na sioni tatizo kumlipa mtu kwa kazi kama hiyo. Krosimemba ikishushwa ndo alaimenti ikakaguliwe, hiyo ni sahihi.

Kabla hujatoa bushi ya zamani piga picha: mpasuko wake umeangalia mbele au nyuma, na iko umbali gani kutoka kwenye alama ya rangi au pete iliyopo kwenye chuma. Mpya ikae vilevile. Nunua kwa kipenyo halisi, pima chuma kwa venia (kipimo cha kubana kinachosoma milimita), sio kwa macho, bushi ya 23 kwenye chuma cha 22 itagonga tangu siku ya kwanza. Usipake oili ya injini wala grisi ya kawaida kwenye mpira, vinaufanya uvimbe na kulainika, na zile za mpira nyingi zinafungwa kavu au kwa maji ya sabuni tu. Za poliurithani ndo zinataka grisi ya silikoni, la sivyo zinalia kama mlango wa kibanda.

Halafu kuna bushi za kuchonga, za tairi kuukuu au nailoni. Nimeziona kwenye gari nyingi na naelewa kwa nini watu wanazifunga, bei iko chini na zinapatikana siku hiyohiyo. Lakini ngumu kupita kiasi, hazishiki chuma, chuma kinazungukia juu yake pamoja na mchanga, na baada ya muda kinaliwa. Toa bushi, pitisha kidole kwenye chuma pale ilipokaa, ukihisi shimo au kiuno chuma kimeshapungua, na hapo bushi mpya haitasaidia chochote, tafuta stabilaiza nyingine. Kuzungushia ukanda wa tyubu ni wa kukufikisha nyumbani tu.

Ukikuta stabilaiza yenyewe imekatika, usiichomelee. Hiki ni chuma cha springi kilichopikwa kwa joto maalum, ukikichomelea pale pembeni ya weldi kinakuwa dhaifu na kitakatika tena hapohapo, na ncha iliyokatika inaweza kuchoma tairi au hosi ya breki ukiwa kwenye mwendo. Kunyoosha kwa moto wa gesi nako ni yaleyale.

"Toa tu hiyo, haina kazi"

Hii kauli inaniumiza kweli. Linki imekufa, mteja hana hela, fundi anafungua stabilaiza yote anaitupa kwenye buti, kelele imeisha, kila mtu amefurahi. Mtaani kwenye mwendo wa 40 hutaona tofauti. Tofauti utaiona siku umepakia watu saba kwenye Noah, unashuka mlima Kitonga, mbele lori limesimama ghafla na inabidi ukwepe kushoto halafu urudi kulia kwa haraka. Mwili wa gari unalala upande mmoja, na ukirudisha usukani unabembea kuelekea upande wa pili kwa nguvu zaidi. Gari ndefu kwenda juu kama Noah, Alphard, Hiace ndo zinahitaji hicho chuma kuliko zote. Ukikosa hela ya linki leo, bora uvumilie kelele kwa wiki mbili ukiendesha taratibu, mradi umekagua haijakaribia kukatika, kuliko kutoa stabilaiza na kusahau.

Wale wa porini mtasema wenzetu wanafungua ili tairi zishuke vizuri kwenye mawe, na ni kweli, hata Jeep Wrangler Rubicon inayo swichi ya kuachia stabilaiza ya mbele. Lakini ni ya mwendo mdogo porini, na ukirudi barabarani inaunganishwa. Na kama una Prado au Land Cruiser yenye mfumo wa KDSS, stabilaiza zake za mbele na nyuma zimeunganishwa na mabomba ya mafuta yenye presha, usifungue kitu chochote pale nyumbani, mtafute mtu anayeijua kwa jina.

Wenye kunyanyua gari kwa spesa (vipande vya kuongeza kimo vinavyowekwa kwenye springi au shokapu) nao waangalie hapa. Ukinyanyua, mguu wa tairi unashuka na ncha ya stabilaiza inashuka nao, linki inasimama kwa pembe ambayo haikutengenezewa, boli inapinda mpaka mwisho wake na inaisha haraka. Kama tangu uweke spesa unabadilisha linki kila baada ya miezi michache, sababu ndo hiyo, usimlaumu muuza spea.

Kuitunza

Kila unapomwaga oili, mwambie fundi aache gari kwenye lifti dakika tatu, pita na tochi uangalie vimpira vinne vya linki za mbele, na vya nyuma kama gari ina stabilaiza nyuma, Runx ya tairi za mbele haina linki huko lakini Harrier na RAV4 zinazo. Ukitoka safari ndefu ya vumbi au matope osha chini kwa maji ya kawaida, ila usielekeze bomba la presha karibu kabisa na kimpira, linapenyeza maji ndani. Ukiona rangi ya stabilaiza imebanduka na kutu imeanza, piga brashi, paka rangi ya kuzuia kutu, usipake sehemu inayokaa bushi.

Na kwenye linki mpya, ukishakaza piga mstari wa rangi, hata rangi ya kucha inatosha, uvuke kutoka kwenye nati mpaka kwenye bati lililo nyuma yake. Baada ya kilomita mia mbili au tatu chungulia. Mstari ukiwa umenyooka nati haijasogea, ukiwa umekatika rudi na spana namba 17 uikaze upya.